Radhi Uliyonipa Bila ya Kujua Kosa

Mabela, Maskati

Mdogo wangu Asya,

Assalaamu alaykum. Goti lako linaendeleaje? Ilham, mjukuu wangu, kanambia umeanza kuteremka ngazi bila ya kushikwa mkono, nikafurahi kama aliyepona ni mimi. Na shemeji je, bado anakataa kuvaa miwani na huku anakosea milango?

Mimi sikufichi: moyo umechoka. Daktari hasemi zimebaki siku ngapi, na mimi simuulizi. Natoka kitandani mpaka kwenye kiti cha dirishani, basi, hiyo ndiyo safari yangu ya mchana. Lakini sinung'uniki. Nnamshukuru Mungu kwa nyumba hii ya mwanangu, kwa wajukuu wanaonigombania kunishika mkono, na kwa akili ambayo haijaniacha. Zaidi nnakushukuru wewe, uliyemuuguza Baba peke yako miaka yote niliyokuwa mbali. Sijapata kukushukuru sawasawa. Kila nikitaka kusema, ulimi ulikuwa mzito, na leo utajua kwa nini. Nna kosa la kukwambia, na linamhusu Baba.

Naandika kwa mkono, leo siku ya tatu, mistari michache kila asubuhi. Kwa simu ungenikatiza. Ungesema, "Kaka Khalfani, yamepita hayo," kabla hujajua ni yepi.

Wiki iliyopita palikuwa na mkutano wa kimataifa hapa Maskati, wa vijana kuzungumzia sera zinazowahusu. Waandaaji walitangaza nafasi za uongozi wa kujitolea kwa vijana wa Ulaya: kila mmoja apewe kundi la watu kumi kutoka nchi mbalimbali, aendeshe mazungumzo yao, kisha kundi limchague mmoja wa kwenda kusema kwenye ukumbi mkubwa. Baadhi ya hao viongozi walipangiwa kukaa majumbani mwa watu, na Ilham, anayefanya kazi na waandaaji hapa mjini, mtaa wa Khuwair, akatuletea mmoja.

"Babu, nimekuletea mgeni. Mreno."

"Mreno? Hawa si tuliwatoa Maskati zamani? Nani kamfungulia mlango?"

Ilham akamfasiria. Yule binti, Ineshi jina lake, miaka ishirini na mbili, akanipa mkono akasema kwa Kiingereza, "Mwambie safari hii nimekuja na viza."

Tangu hapo tukawa marafiki. Akirudi kutoka mkutanoni anakaa karibu na kiti changu ananihadithia kwa Kiingereza, ambacho sijakisahau. Nikamuuliza, "Yaani umetoka kwenu kuja kufanya kazi ya bure ya kuwanyamazisha wanaosema sana?"

"Na kuwasemesha wanaonyamaza, Babu. Hiyo ndiyo ngumu."

Siku ya tatu alirudi alasiri, akawekewa wali na samaki, hakugusa. Nikamwambia kwamba mpishi wetu atadhani unasema samaki wake kaoza. Hakucheka. Akanieleza. Katika kundi lake yumo Nakato, binti wa Kiganda aliyefanya kazi za nyumbani hapa Maskati miaka minne, na sasa anawasaidia wenzake kuielewa mikataba yao. Kundi lilimchagua yeye akaseme ukumbini. Ineshi akaona Kiingereza cha Nakato kinakwenda polepole na dakika ni chache. Akawaambia waandaaji kwamba Nakato hataki, akaandika jina lake mwenyewe. Kisha akamwambia Nakato kwamba waandaaji wanataka viongozi ndio waseme.

Nilijisikia nasimuliwa mimi, Asya.

Nikampa dawa yetu tuliyoizoea. Nikamwambia, "Mwombe tu akusamehe kwa lolote ulilomkosea. Inatosha."

Akanitazama. "Lolote ni kitu gani, Babu? Atasamehe vipi kitu asichokijua?"

Mimi, niliyekuwa mfasiri wa serikali miaka thelathini, nikamwomba alirudie swali lake.

Siku ya pili yake alasiri, Nakato akaja hapa nyumbani. Ineshi akasimama mbele yake, mikono nyuma kama mtoto wa skuli, akasema, "Kundi lilikuchagua wewe. Hakuna aliyekukataa. Mimi nilisema hutaki, na sikukuuliza. Nimeshawaambia waandaaji ukweli. Kesho nafasi ni yako."

Nakato akanigeukia kwa Kiswahili chao cha bara. "Babu, umemsikia mzungu wako?"

"Nimemsikia."

"Sasa nimpige ama nimpe chai?"

"Kwangu hapa anza na chai."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa ushungi. Kisha akaacha kucheka. Akamwambia Ineshi, "Nimekusikia. Asante kwa kuniambia. Lakini kukusamehe, bado. Ngoja kwanza niseme yangu kesho, halafu niangalie moyo wangu." Ineshi akaitikia kwa kichwa, akamimina chai.

Kesho yake Ilham alinionyesha kwenye simu. Nakato alisema polepole kweli, na ukumbi mzima ulimngojea. Ineshi kakaa nyuma yake, anamshikia karatasi.

Sasa langu.

Unakumbuka mwaka ule mwalimu mkuu alipotaka mwanafunzi mmoja wa kwenda kwenye mkusanyiko wa vijana ng'ambo. Ulikumbuka siku zote, najua. Alikuchagua wewe. Fomu alinikabidhi mimi, kwa kuwa ni mkubwa, akasema, "Mpe baba yako atie saini." Sikumpa. Niliiweka ndani ya kitabu changu cha ramani. Baada ya siku mbili nikamwambia mwalimu, "Baba kasema hasafirishi mtoto wa kike." Mwalimu akasikitika, akasema, "Basi nenda wewe." Nikarudi nyumbani nikakwambia maneno yale yale. Na hukwenda kumuuliza Baba, kwa sababu kwetu neno la mzee likishaletwa na mkubwa halirudiwi kuulizwa. Hilo nililijua, na hilo ndilo nililolitegemea.

Baba hakukukataza, Asya. Baba hakuulizwa. Siku nilipompelekea fomu yenye jina langu aliisoma mara mbili, akanambia, "Na Asya? Hawakumtaka?" Nikasema, "Hapana, Baba. Wanataka wavulana." Akatia saini, akasema, "Basi hasara yao."

Safari ile ilinipa masomo, masomo yakanipa kazi, kazi ikanileta Maskati. Wewe ulibaki. Ulimpikia Baba, ulimwogesha, ulimzika. Lakini tangu siku ile hukumsomea tena gazeti, uliyekuwa ukimsomea kila jioni. Aliniandikia mara moja akauliza kama nnajua kakukosea nini. Sikumjibu hilo. Akafa hajui.

Nilipokwenda Hijja nilikupigia simu kama desturi yetu, nikasema, "Unisamehe kwa yote, niliyoyajua na nisiyoyajua." Ukajibu papo hapo, "Nimekusamehe kaka, duniani na akhera." Nikaweka simu chini nikajiona mwepesi, na miaka yote hii nimejituliza kwa maneno yako hayo. Nilikuwa nakudanganya mara ya pili.

Radhi ile nakurudishia. Uliitoa bila ya kuonyeshwa kitu. Ukitaka kunipa nyingine, nipe ukiwa unajua. Ukiona huwezi, usijilazimishe kwa sababu mimi ni mgonjwa. Nitakufa nikikushukuru vilevile, na nnamshukuru pia yule binti wa Kireno aliyenifundisha kusema, nikiwa na miaka themanini.

Nisalimie shemeji na miwani yake. Msalimie binti yako muuguzi, mwambie dawa nnakunywa zote, hata ile chungu. Na Bi Mize, jirani yenu anayekuletea mikate, mwambie namwombea afya. Ilham anakuamkia, ndiye atakayempa waraka huu msafiri anayekuja huko Ijumaa. Hajausoma, lakini nimempa ruhusa akuulize, na wewe ukipenda umwambie.

Mimi naweza kungoja jibu lako, hata kama sitalifikia. Ila Baba usimngojeshe radhi yako. Yeye hakukukatalia kitu.

Kaka yako,
Khalfani