Kadi Imefika, Sadiki Hajafika

Jumapili, Mbale. Mvua inanyesha tangu asubuhi, na hapa Nabuyonga umeme haujakatika hata mara moja, ajabu kweli. Nina huzuni, tena nina hasira, na mezani kwangu kuna kadi ya grafiki ambayo mafundi wenzangu wa kompyuta wangeigombania.

Sina hamu nayo.

Mdogo wangu Sadiki yuko Uarabuni, huu mwaka wa nne. Mkataba wake umeisha mwezi huu. Juzi akaandika: "Kaka, Jumamosi nenda kwa mama Jinja. Kuna kitu kinakuja na gari la kutoka uwanja wa ndege." Kitu gani, hakusema. Kwetu Budondo, hapo Jinja, mtu wa Uarabuni akisema hivyo, anakuja mwenyewe. Wanapenda kushtukiza watu. Mama akaanika godoro lake juani, akachinjisha jogoo, akaalika majirani. Mimi nikafunga duka, nikaenda.

Gari likasimama. Akashuka dada mmoja aliyekuwa akifanya naye kazi huko, amekumbatia boksi la hii kadi.

"Sadiki anawasalimu sana. Ameongeza mkataba, miaka miwili."

Mama akasema alhamdulillahi, akamkaribisha mgeni pilau. Baadaye nilimkuta chumbani anakunja shuka za Sadiki. Hakulia. Afadhali angelia.

Basi leo nimeifunga hiyo kadi kwenye kompyuta yangu, maana huyo bwana mkubwa Sadiki anadai majibu. Nikafungua gemu la magari, lile zito, mipangilio yote juu kabisa. Fremu, yaani picha, sitini kwa sekunde, haipandi. Nikasema haya, ni mbovu! Na nilifurahi, Mungu anisamehe. Kumbe ni mimi nilisahau kuondoa kikomo cha fremu. Fundi mzima! Nilipokiondoa ikaruka hadi mia na arobaini, joto liko sawa, feni huisikii. Matone ya mvua kwenye kioo cha gari unaweza kuyahesabu.

Halafu nikafungua gemu la mpira. Kwa mazoea nikachagua wachezaji wawili, na padi ya kuchezea ya Sadiki nikaichomeka. Timu yake ikasimama tu uwanjani. Nimefunga mabao matano na hakuna mtu wa kunitukana.

Nimemkumbuka mno huyu mtoto.

Sasa hivi ameandika: "Vipi kaka, inakimbia?" Nimemtumia namba zote. Akauliza: "Umefurahi?"

Miaka yote hii mimi na yeye tunaongea mambo ya mashine tu, kama vile hatuna jingine la kuambiana. Na mimi ndiye mkubwa, nilipaswa kuanza.

Nikimaliza kuandika hapa nampigia. Nitamwambia kadi ni nzima, asante sana, na kwamba ningeirudisha leo hii kwa gari lilelile, kama lingeniletea yeye.