Kabla Sijarithiwa

Baba Kulwa, mume wangu,

Mvua imenyesha Tinde na pamba imeota vizuri. Kulwa na Doto wameanza shule. Doto bado analia ukitajwa, kwa hiyo hatukutaji mbele yake, na hilo linaniuma mimi kuliko yeye. Nina hamu ya kulisema jina lako kwa sauti.

Matanga yalipokwisha, baba mkwe alinikalisha mbele ya wazee. Wakasema mji wako usikae bila mwanamume, mdogo wako Maganga anirithi. Niliinamisha kichwa. Walidhani naona haya.

Kesho yake mke wa Maganga, Mama Shija, akaja na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alikuwa na mimba kubwa. Aliniamkia, akakaa, akawa anakizungusha kile kibuyu mikononi. Kisha akauliza akiangalia chini, "Dada, shemeji aliumwa nini hasa?"

Kwenu wanasema ulirogwa huko machimboni Geita kwa sababu ya dhahabu. Hata mimi nimewaambia wageni hivyo. Lakini ni mimi niliyekuogesha. Niliona ulivyokwisha, niliuona na ule upele wa mkanda wa jeshi ubavuni. Nikamjibu, "Sijui, mdogo wangu. Nitakwenda kupima."

Akaniachia kile kibuyu, akaondoka.

Nilimwambia mama mkwe naenda Shinyanga kutafuta dawa ya macho. Safari ya kwanza nilifika langoni mwa hospitali nikageuka, nikaenda kusimama dukani kwa Mhindi, nashikashika vitenge nisivyovinunua. Safari ya pili niliingia. Walinitoa damu, wakaniambia nirudi baada ya majuma kadhaa. Kungoja kule, Baba Kulwa.

Niliporudi, nesi alifunga mlango, akanishika mkono. "Mama, virusi unavyo." Unajua nilichowaza kwanza? Nilitaka nitoke nje nikukute umeegemea baiskeli, uniambie, "Haya, twende nyumbani." Nilitoka. Kulikuwa na watu wengi, na wewe hukuwamo.

Nilimfuata Maganga zizini nikamwambia yote. Alifunga kwanza lango la zizi. Ndipo akasema, "Shemeji, nitakulimia, na watoto ni wangu. Wazee nitawajibu mimi." Amewajibu. Wamenuna, lakini ndivyo ilivyo. Mama Shija amejifungua salama, mtoto wa kike.

Siku nyingine nina hasira nawe. Halafu nakumbuka uliporudi mara ya mwisho, ulivyotandika mkeka wako kando ukasema, "Mama Kulwa, wewe lala na watoto." Nililia, nikidhani umepata mwingine huko. Sasa najiuliza kama ulikuwa unajua. Kama ulikuwa unanikinga, ukiwa umeshachelewa. Ningetoa ng'ombe wote nikuulize hilo moja tu, unijibu hata kwa uongo.

Nguvu ninazo bado. Nitalima, nitakula, nitautunza mwili huu mpaka wanao waweze kujitegemea. Na wakikua nitawaambia mwenyewe kilichomuua baba yao, bila kumtaja mchawi yeyote.

Pumzika, baba watoto. Nakutamani kila siku inayokucha. Lakini usiniite sasa. Ningoje.

Mkeo,
Mama Kulwa