Bwawa la Hamro Kabla ya Barafu

Jumanne, 9 Novemba

Asubuhi ukingo wa bwawa una utando mweupe. Barafu! Nyembamba kama ganda la kitunguu, nimeivunja kwa kidole. Miaka thelathini na moja ya ndoa sijawahi kuliandaa bwawa hili kwa baridi. Kazi ya Hamro hiyo. Mimi nilikuwa naleta chai tu na kumwambia anachelewa.

Sasa Hamro yuko dirishani, mto mgongoni. Tangu kiharusi cha Julai amebakiwa na neno moja: "basi." Njaa — basi. Choo — basi. Hasira — basi, kwa sauti.

Nimeopoa majani ya mforsadi, ndoo tisa. Samaki nimeacha kuwalisha, baridi ikiingia matumbo yao hulala. Hilo nilijua. Pampu ya chemchemi nimeing'oa, iko stoo.

Limebaki bomba linaloleta maji bwawani.

Ijumaa, 12 Novemba

Bomba lenyewe linapita chini ya ua, kisha chini ya ukuta wa chumba cha Hamro. Maji yakiganda humo, linapasuka. La jirani yetu Davron lilipasuka mwaka juzi. Ukuta wake wa udongo ulikunywa maji hadi ukakaa chini.

Kuna koki ya kutolea maji yake, ndani ya kishimo. Kishimo kiko wapi? Aprili nilikuwa kwa dada yangu Bukhara, Hamro akatandaza matofali mapya ua mzima, peke yake. Na kishimo akakifunika. Anajua yeye.

Nimemuuliza. "Basi." Nimemchorea ua kwenye karatasi. Kidole cha kushoto kikazunguka, kikazunguka, kikatua ukingoni mwa bwawa.

Bwawa nalijua, Hamro! Koki iko wapi?

Nimemfokea. Mgonjwa! Kisha nikaenda jikoni kulia, nikafungulia maji ili asisikie.

Jioni Davron kaja kuangalia. Anasema tung'oe matofali yote, siku mbili tu, shemeji usiwe na wasiwasi. Nikayatazama. Hamro kayapanga kama mtu anayesuka mkeka. Nikamwambia tungoje kidogo.

Jumapili, 14 Novemba

Wifi Muyassar kaja na sambusa za maboga. Na mdomo wake.

"Wifi, unajitesa. Jaza kifusi, panda vitunguu. Mwenye bwawa ndo huyo, hata kijiko hashiki."

Mbele yake! Kana kwamba masikio nayo yamepooza.

"Anakusikia, wifi."

"Na asikie! Mimi dada yake, nimemwosha akiwa mtoto."

Hamro akalisukuma bakuli la chai kwa mkono wake mzima. Likaanguka, pa! "Basi!"

Muyassar akapiga magoti kuokota vipande, kimoja kimoja, na nikaona mabega yanamtikisika. Kumbe naye anaogopa. Siku zote nimedhani hana huruma.

Baadaye ametoka, akarudi na mzigo wa matete kutoka mferejini. Tumeusimamisha majini, sisi wawili, ili barafu ikifunga libaki tundu la samaki kupata hewa. Mikono myekundu, hatuhisi vidole. Langoni kaninong'oneza nisimwambie Hamro kwamba amelia.

Redio inasema Jumatano nyuzi nane chini ya sifuri.

Jumatano, 17 Novemba

Leo hakuna kungoja. Saa nne Davron kaanza na nyundo, kona ya ukutani. Tofali la kwanza. La pili. Mara kishindo ndani — kiti kimeanguka. Nikakimbia. Hamro amesimama! Ameshika dirisha, anatetemeka mwili mzima, ananisukuma kwa bega kuelekea mlangoni.

Tumemvika koti la pamba. Davron kulia, mimi kushoto. Tangu Julai hajaukanyaga ua. Hatua, pumzi. Hatua. Mguu unaburuta. Amepita bwawa, akasimama ukingoni penye kitanda cha uani tunachokaliaga kiangazi, akakipiga teke na ule mguu mbovu.

Kitanda! Kwenye karatasi sikukichora kitanda!

Tumekisogeza. Chini yake tofali moja halina saruji. Davron kalinyanyua — kishimo, koki.

"Kaka, niachie mimi sasa, utaumia."

"Basi."

Kapiga magoti mwenyewe. Mkono wa kushoto umeishika koki, na koki haisogei, kutu imeikamata. Davron amemkumbatia kiunoni asianguke. Kurudishwa ndani Hamro hataki.

Nimeingia kuchemsha maji ya kuimwagia. Naandika nimesimama, mkono hautulii bila kazi. Theluji imeanza, namwona dirishani, kichwa kimekuwa cheupe. Davron ananipungia — niharakishe? nitulie?

Hamro anaita. Anaita jina! Si langu, la marehemu mama yake. Lakini ni jina, na anatazama huku. Anaita tena.

Nakuja, nakuja. Birika bado halijachemka, naacha kalamu hapa.