Mbarak Kujifungia Chooni Siku ya Harusi

Abdulkadir, wallahi hili ni kweli tupu, sikutia chumvi hata chembe.

Leo asubuhi jirani yangu Mbarak kajifungia chooni. Chooni, yakhe.

Yumo kwenye utafiti wa presha hapa Msambweni, na leo ni siku yake ya kutolewa damu. Leo hiyo hiyo mjukuu wake anaolewa Shimoni. Naye anaamini aliyetia sahihi fomu ya utafiti hawezi kujitoa, akitoroka atafuatwa na askari.

Mara binti wa utafiti huo, Nusaiba, kaja mwenyewe. Kabisha mlango wa choo. "Shikamoo babu. Mbona wajificha?"

Ikatoka sauti ya kilio: "Mwanangu, niache nikamuoze mjukuu wangu, halafu mnifunge."

Kufungwa. Mtu mzima aomba kufungwa, naye yumo chooni.

Nusaiba kashika kichwa. "Babu, hakuna wa kukufunga. Nilikueleza siku ile, waweza kujitoa wakati wowote, hata sababu huulizwi, na dawa zako zahanati utapewa vilevile. Nenda harusini."

"Na wale askari?"

"Askari gani? Nani kakwambia?"

Mlango ukafunguka. Mbarak kaninyooshea kidole mimi, nimekaa barazani kwake nanywa kahawa yake.

Nikasema nilikuwa namtania. Nusaiba hakucheka. "Mzee, utani wako umemnyima usingizi wiki nzima."

Sasa niko njiani kwenda Shimoni, namfuata Mbarak, nimeshika kamba ya beberu wangu mwenyewe. Mbarak kasema ndiye faini ya utani wangu, nyama ya pilau ya harusi.