Sauti Nilizozifuta Kwenye Simu Yako

Kaka Gwamaka,

Huu ni mwezi wa tano tangu tukusindikize uwanja wa ndege ukiwa ndani ya sanduku. Mama yako alikuzika Tukuyu, nyuma ya migomba, na mvua ilinyesha siku nzima. Sisi wa huku Guangzhou, China, tulitazama kwenye simu.

Kuhusu simu, nina la kuungama. Wenzetu waliponiachia kazi ya kufungasha vitu vyako, nilikumbuka kwamba kwetu maiti husitiriwa. Namba yako ya siri niliijua, maana chakula tulikuwa tunaagizia humo. Nikasema mama wa watu, mzee wa kanisa, asije akaona picha za yule binti wa Lusaka, wala majibu ya hospitali kuhusu figo, ugonjwa uliomficha hadi mwisho. Nikafuta kila kitu. Nikajiona nimekutendea wema.

Mjinga mimi. Miaka miwili ulizunguka kuwarekodi Waafrika waliosoma chuo hiki kabla yetu. Ulimfuata hadi mji wa Xintang yule mzee wa Dodoma aliyekuja kusomea uhandisi, leo anapakia jinzi kwenye makontena. Daktari Mama Salome alikusimulia kwa simu kutoka Tabora jinsi wagonjwa wa hapa walivyomsugua mkono waone kama rangi inatoka. Sauti zao zote zilikuwa kwenye simu hiyo; nilidhani umezihifadhi na kwingine. Hukuhifadhi, na mimi sikuuliza.

Nimekwenda ofisi ya kumbukumbu ya chuo. Karani kapekua, kasema "meiyou", hakuna. Kitabu cha historia ya chuo kina picha moja ya sisi Waafrika, chini wameandika "wanafunzi wa kigeni", basi. Nikampigia Mama Salome anisimulie upya. Akapokea mwanawe. Mama tumeshamzika, akasema, wiki ya tatu sasa. Nilikaa kwenye ngazi za bweni nikalia.

Kwenye simu yangu imebaki sauti yako moja, ulipokuwa unajaribu kinasa sauti: "Haya, Fadhili, taja jina lako, kwenu, na ulichokikuta hapa." Nilikujibu, "Niache bwana, mimi historia gani?"

Jumamosi nakwenda Xintang kumwomba yule mzee tuanze upya, kisha mwingine, hadi wote walio hai niwe nimewarekodi. Mama yako nitamwambia kwamba nilifuta. Nilichokiona nitakufa nacho.

Asubuhi hii nimejirekodi, nimejibu swali lako. Nilipofika kwenye nilichokikuta hapa, nikakutaja wewe, ulivyonipokea stesheni ukabeba begi langu zito bila kuuliza mimi ni nani.

Lala, kaka. Hiyo nimeihifadhi mahali patatu.

Fadhili