Honi ya Mninga

Jumapili, 25 Mei 2025

Spika imefika. Fundi seremala Cyprian kaileta kwa guta la mizigo kutoka Keko, kaifunga magodoro pande zote utadhani anahamisha mgonjwa. Ni zawadi ya binti yangu Vaileth. Anasema misa ya mwaka ya mama yake ikiisha, watu wakija nyumbani, kanda ya kwaya haiwezi kupigwa kwenye "lile kabati".

Kabati! Ndivyo anavyoiita spika yangu ya honi, niliyopewa na bendi nilipostaafu ufundi mitambo wa sauti. Imekaa kona ile ile ya sebule tangu yeye anamaliza sekondari. Kweli ni kubwa. Kweli mchwa wameila mgongo. Lakini kabati?

Hii mpya Cyprian kaitengeneza kwa kufuata umbo la ile ya zamani. Sanduku lile lile lenye njia iliyokunjwa ndani ya kupitishia besi, ila kalipunguza unene, kaliwekea miguu. Na ule mdomo wa honi, ambao wangu ni wa bati, yeye kauchonga kwa mbao ya mninga. Mmakonde ukimpa gundi na patasi unamalizana naye. Ni nzuri, nakubali. Naiangalia tangu mchana.

Sijaipiga. Jumapili nyingine hii bila mke wangu Marietha, sina hamu.

Jumatatu, 26 Mei

Nimeipiga. Hapana!

Nimeweka kanda waliyorekodi parokiani, mwaka Marietha alipopewa kuongoza sauti ya kwanza. Ubeti wa pili anaimba peke yake, na humo kuna neno "asubuhi". Sasa, Marietha alikuwa na mwanya. Kila s yake ilitoka na kamluzi kembamba. Kwaya nzima walimtania kwa hilo. Mimi ndilo lililonifanya nimwoe — hilo na maandazi yake.

Kwenye spika hii anaimba "a-ubuhi". S haipo. Mluzi haupo. Sauti ni yake, lakini kama mtu anayeimba amejifunika kanga usoni.

Nikahamishia waya kwenye ile ya zamani. Nayo hivyo hivyo, ila ile nimeshaijua kuwa inakufa. Hii ni mpya, ina kisingizio gani?

Nguo zake dada zake waligawana siku ya arobaini, kama ilivyo desturi. Picha tunazo wote. Changu peke yangu kilichobaki ni hiyo s. Siwezi kuruhusu kipande cha mbao kiniibie.

Alhamisi, 29 Mei

Cyprian kaja. Akaamkia, akaketi kwenye kigoda, akainamisha kichwa, akasikiliza kanda mpaka mwisho. Nikamuuliza umeona sasa, s iko wapi? Akasema, "Mzee, mie naisikia. Tena ina kamluzi hivi."

Nani kamwambia habari za mluzi? Vaileth, bila shaka. Fundi akishategeshewa jibu hawezi kukosa kulisikia. Nikamwambia asinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, atoe kile kitambaa cha mbele na aulete mdomo wa honi nje zaidi. Akapapasa mninga wake. Akasema sawa.

Jioni Vaileth kapiga simu kutoka Kinondoni. Siku hizi anaongea kwa kumung'unya, sijui ndiyo mambo ya ofisini. Nimeitikia tu ndiyo, ndiyo.

Jumanne, 3 Juni

Kitambaa kimetoka. Honi imekuja mbele. Nafuu kidogo, labda. Au najidanganya.

Nimeumwa na mbu mikono yote. Mbu wa mwaka huu wana hila, wanauma kimyakimya.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemfuata Cyprian kazini kwake Keko, honi nimeing'oa nikaibeba kwapani. Kelele za randa za umeme kila upande, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Nilimtaka aupunguze upana mdomo wa honi, sauti isitawanyike, ije moja kwa moja pale ninapokaa.

Akanibishia! Kwa adabu, lakini alibisha. Akasema honi ikibanwa vile itampigia kelele mtu aliye mbele yake, na kwamba spika ya nyumbani si spika ya ukumbini. Nikamuuliza, mimi nimesimama pembeni ya jukwaa miaka yote ile, Buguruni, Ukonga, Temeke kote, bendi zinapiga mpaka watu wamechoka kucheza, nani alikuwa anapanga sauti? Mafundi wenzake wakazima randa. Mmoja akamwambia Cyprian asibishane na mzee.

"Haya mzee. Wewe ndo mkubwa."

Akachukua patasi. Ile honi aliipiga msasa kwa mkono wiki nzima, Vaileth aliniambia. Nilimwona alivyoishika kabla ya kuikata. Nilijisikia vibaya, ila sikumzuia.

Ijumaa, 13 Juni

Vaileth kaja na Jesca, mjukuu wangu. Kabla hajavua viatu kapunguza televisheni. Nyumba ya nani hii?

Akaniambia twende kwa daktari, tupime masikio. Nikamwambia masikio haya ndiyo yaliyomsomesha. Akasema, "Baba, Jesca amekuita mara tatu hapo nyuma yako." Mtoto ana sauti ya kitoto, tatizo liko wapi? Tumekula kila mtu kageukia sahani yake. Vaileth aliondoka bila kumalizia chai.

Marietha angetupatanisha kabla sahani hazijatolewa mezani. Nimemkumbuka sana leo.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwita Cyprian tena. Honi imebanwa, bado s haitoki. Nikafungua mwenyewe nyuma, nikamwonyesha ile rezista inayopunguza makali ya honi isizidi besi. Toa, nikasema. Akauliza yote? Yote.

Akayeyusha risasi ya kulehemu, akaitoa rezista, akaifunga kwenye karatasi na kuitia mfukoni mwa shati. Tulipowasha alirudi nyuma hadi mlangoni. Mimi nilisogea mbele. Kuna kitu! Kwa mbali, lakini kuna kitu!

Jumatatu, 23 Juni

Nimemsikia.

Nilikuwa peke yangu. Nimepandisha trebo, kile kitufe cha sauti nyembamba, hadi mwisho, sauti nayo juu, nimekaa kwenye kiti changu mkabala na honi. Ubeti wa pili. "Asubuhi." Na ule mluzi! Mwembamba, mtamu, wa Marietha mwenyewe, wa jikoni, wa kuniita nikaoge maji yasipoe. Nimelia kwa sauti, mtu mzima. Nikarudisha kanda, nikasikia tena. Na tena.

Jirani, Mama Raudha, kaja kugonga dirisha, anauliza kama kuna fundi anakata vyuma kwangu. Ana utani sana yule mama. Nilimwambia ni Marietha anaimba. Akaniangalia, akasema pole baba, akaenda zake.

Cyprian ni fundi. Nitamwomba radhi. Na Vaileth naye nitampigia, nimshukuru kwa zawadi. Sasa ndiyo spika.

Ijumaa, 27 Juni

Turubai limefungwa uani. Wanawake wa jumuiya wanachambua mchele. Vaileth kaleta picha kubwa ya mama yake, kaiweka juu ya spika mpya. Nimeihamisha, isitetemeke ikaanguka. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa vitufe, nimewaambia wote. Kesho nitapanga sauti mwenyewe.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika chumbani, mlango nimeufunga. Wageni wengine bado wako uani.

Misa ilikuwa nzuri. Padri alimtaja jina lake vizuri. Tukarudi nyumbani, tukala, kisha nikawaita sebuleni. Wanakwaya wenzake waliobaki niliwapa viti vya mbele. Flaviana, aliyeimba bega kwa bega naye miaka yote ile, alikaa karibu yangu. Cyprian alisimama mlangoni, amevaa shati jeupe. Nikasema maneno machache. Nikasema leo mtamsikia kama alivyokuwa. Nikawasha.

Nilifumba macho. Ubeti wa kwanza ukapita. Ukaja wa pili, akaja yeye, ikaja "asubuhi", na mluzi juu yake, safi kabisa. Nikasema moyoni, haya, sasa wote wamepata.

Nikafumbua macho.

Flaviana alikuwa ameziba masikio kwa vidole. Alipoona namtazama akavishusha haraka, akatabasamu, na machozi yanamtoka — lakini si machozi niliyoyataka. Jesca kajikunyata kwenye mapaja ya mama yake, kanga ya Vaileth imemfunika kichwa. Watu wa sofa ndogo hawapo! Walikuwa uani, wamesimama juani. Waliobaki sebuleni wamekunja nyuso, wamekaza meno, wanatikisa vichwa kwa heshima, kama watu wanaokula chakula kibaya nyumbani kwa mkwe.  Mfiwa, tena mzee, tena fundi mitambo, nani angemwambia?

Cyprian alikuwa anatazama viatu vyake.

Vaileth akaja akapiga magoti mbele ya kiti changu. Nikaona midomo. Nikainama. Akarudia sikioni, "Baba, inaumiza."

Nini kinaumiza?

"Sauti, Baba. Inaumiza masikio. Naomba upunguze."

Niliamka mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine aguse. Nikarudisha kanda nyuma, nikashusha trebo, nikashusha sauti, huku namwangalia Flaviana usoni, kama nilivyokuwa namwangalia mwimbaji jukwaani. Nikashusha mpaka mabega yake yakalegea. Watu wa uani wakaanza kurudi, mmojammoja, wakajaa mlangoni.

Ubeti wa pili ukafika. Namjua anapovuta pumzi, niliona kwa wanakwaya wenzake kwamba amevuta, maana nao walivuta. Kisha kukawa na kitu kama mtu anaongea nyuma ya ukuta. Na wao wakaangua! Vicheko na vilio pamoja. Flaviana akanishika mkono, akajigonga meno ya mbele kwa kidole, anarudia kitu. Nilikisoma mdomoni mwake. Mwanya. "Mwanya wake huo!"

Chumba kizima kilimsikia mke wangu. Nikatikisa kichwa pamoja nao. Nikatabasamu pia, Mungu anisamehe, nikatabasamu kama nami nimesikia.

Jumapili, 29 Juni

Sikwenda kanisani. Nimesema nimechoka.

Spika haina kosa. Haikuwa nalo tangu ilipoteremshwa kwenye guta. Ile ya zamani pia pengine haina, tumeisingizia mchwa bure. Nimemkatisha Cyprian honi yake nzuri, naye anajua, tangu siku ile ya kigoda anajua, akakata kwa sababu nimemwamuru.

Tangu lini? Hilo ndilo linalonikosesha raha. Marietha mwaka wake wa mwisho alikuwa anaongea taratibu kitandani, nami nikadhani ni ugonjwa umemmaliza sauti. Nikawa namwitikia ndiyo, ndiyo. Alikuwa ananiambia nini?

Jumatatu, 30 Juni

Vaileth amelala hapa, ameondoka asubuhi kwenda kazini. Kaniachia karatasi mezani, ameandika kwa herufi kubwa. Ameniombea nafasi keshokutwa kwa daktari wa masikio, twende wote. Kuna vifaa vya kuvaa. Daktari hajaahidi kitu, anasema sauti nyembamba zikishakufa sikioni wakati mwingine hazirudi hata kwa kifaa. Angeweza kunificha hilo. Namshukuru hakunificha.

Chini kaandika jambo la pili. Cyprian atakuja leo kurudisha rezista na kuweka mdomo mpya wa honi, mpana, kama wa kwanza. Mninga kashapata. Jesca hataki tena kuja kwa babu mpaka spika itengenezwe. Na Mama Raudha ana kichanga ndani, analala mchana, nimekuwa nikimwamsha wiki nzima bila kujua. Kweli, kichanga. Nilikuwa nimekisahau kabisa.

Kwa hiyo hakuna la kubishana. Spika ya nyumbani ni ya watu wa nyumbani. Ila nikimruhusu Cyprian aingie na vifaa vyake, kila atakayekaa kwenye hii sebule atamsikia Marietha isipokuwa mimi.

Nimeiwasha kabla hajafika. Trebo mwisho, sauti juu, madirisha nimefunga kwa ajili ya mtoto wa watu. Naandika magotini, kitini pangu, mbele ya honi.

Cyprian keshafika. Namwona kwenye kioo cha dirisha, begi la vifaa begani, mdomo mpya wa mninga kaukumbatia kifuani. Anagonga. Mkono unakwenda na kurudi kwenye kioo. Midomo inasema shikamoo, nadhani.

Nimemwonyesha kiganja: subiri. Ubeti wa kwanza ndiyo kwanza unaisha.