Mie Niko Fildi Tu

Jumatatu, 14 Julai
Faili za likizo tena. Nimepanga hadi vidole vimekuwa vyeusi. Kutoka Chanika kwa mama mdogo mpaka kiwandani Temeke kwa ajili ya hili! Kule Mabibo, hosteli ya chuo, tulibishana kutwa nzima kuhusu menejimenti ya rasilimali watu. Hapa fildi, kwenye mafunzo ya vitendo, rasilimali watu ni vumbi na chai ya Madam Kissa, bosi wetu wa utumishi. Sukari kidogo.
Ila mchana nimekula na kina dada wa ufungashaji. Kiwanda ni cha sabuni, na hata wali wao unanukia sabuni. Aliyeniita ni dada Zuhura, mtu wa Lindi, sauti ya kuamsha mtaa. Akauliza nasomea nini. Nikamwambia. Akasema, "Kumbe wewe ndiye wa kutusemea!" Wakacheka wote. Na mie nikacheka. Nikajisikia mtu.

Alhamisi, 17 Julai
Leo nimefanya kazi ya kweli. Wafungashaji wawili wamegombana, wakaletwa ofisini. Madam alikuwa kwenye simu. Nikawakalisha, nikawasikiliza mmoja mmoja kama tulivyofundishwa. Kumbe tatizo si wao, ni ratiba. Mmoja ananyonyesha, na anapangiwa usiku mfululizo. Wamebadilishana zamu, wameondoka wanataniana.
Madam alikuwa anasikiliza. Amesema nina kipaji, watu wananifungukia. Nimemsimulia mama mdogo mpaka ugali ukapoa. Hii ndiyo kazi yangu. Sina shaka tena.

Jumanne, 29 Julai
Kuna mashine mpya inakuja. Itafungasha yenyewe. Madam amenieleza huku kafunga mlango. Baadhi ya kina dada wataondoka.
Nikauliza kuhusu chama cha wafanyakazi. Darasani tulisoma kwamba mwajiri hapunguzi watu kabla ya kukaa nao mezani. Akanitazama kama mtoto aliyeropoka mbele ya wageni. Hatupunguzi mtu, kasema. Wataondoka kwa hiari yao, wakisaini mapema barua za kuacha kazi. Na anataka mie ndiye niwaeleze, mmoja mmoja. Wewe wanakuamini, kasema.
Sikukataa. 

Ijumaa, 1 Agosti
Wengine wamesaini. Wengine wamesema watasubiri chama. Mie nasoma maneno niliyopewa, basi.
Mchana akaingia dada Zuhura. Amesikiliza mpaka mwisho bila utani wowote. Kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, sema kweli. Ungekuwa mie, ungesaini?"
"Dada, mie niko fildi tu."
Akafikiri kidogo. "Haya. Kungekuwa na ubaya ungeniambia."
Akasaini.
Nilijua. Nilijua ana haki ya kukataa na kusubiri. Swali hilohilo lilikuja kwenye mtihani, nikapata A. Nimenyamaza kwa sababu mlango wa Madam ulikuwa wazi. Sababu nyingine sina.

Jumapili, 3 Agosti
Kanisani sikwenda. Nimesingizia kichwa. Mama mdogo anapalilia mihogo yake peke yake, nimemwangalia dirishani na sijatoka kumsaidia.
Najiambia ningesema, ningefukuzwa fildi. Chuo kingenifelisha. Baba kule Njombe angejua. Huenda ni kweli. Haisaidii.

Jumatano, 13 Agosti
Watu wa chama wamekuja. Kikao kimekula siku nzima. Waliokataa kusaini wamebaki wote. Baadhi wanaenda stoo, baadhi watafundishwa kuhudumia mashine.
Waliosaini hawahusiki. Nimejikaza nikamuuliza Madam kama wanaweza kurudishwa. Saini ni saini, kasema, na akaniagiza fotokopi.
Nilikwenda kutoa fotokopi.

Ijumaa, 22 Agosti
Mwisho wa fildi. Mwalimu wa chuo alikuja kunikagua. Madam amenisifia mpaka nikaona haya. Mawasiliano na wafanyakazi, alama ya juu kabisa. Amesema nikimaliza chuo nirudi, nafasi yangu ipo.
Dada Zuhura naye alikuja, kuchukua cheti chake cha utumishi. Nikamkimbilia getini. Nikamwambia yote. Kwamba angeweza kukataa, kwamba nilijua.
Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alisema taratibu, "Nilikuuliza wewe. Sikumuuliza bosi wako."
Akajitanda kanga yake vizuri, akavuka barabara. Nilibaki pale getini mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 7 Septemba
Mwaka umepita, sikuandika humu hata mstari. Leo nimeanza kazi. Afisa utumishi msaidizi. Meza yangu iko karibu na dirisha. Baba amepiga simu kutoka Njombe, anasema kanisani walinipigia makofi. Wenzangu wa Mabibo wengi bado wanazunguka na vyeti. Chuo kimenipa maneno, fildi imenipa kazi. Hilo sibishi.
Asubuhi nimeshuka ufungashaji. Mashine ile inakwenda yenyewe, inapiga kelele mno. Nimeulizia habari za dada Zuhura. Mmoja anasema ana genge la mboga Pugu, mwingine anasema karudi Lindi. Hakuna mwenye uhakika.
Mwanamke mmoja alikuwa anafuta mashine. Ni mmoja wa wale waliokataa kusaini. Mtu mzima, mkubwa kuliko mama mdogo. Aliponiona akaacha kitambaa, akainamisha kichwa.
"Shikamoo, madam."
Nilitaka kumwambia ni mie ndiye wa kumwamkia. Wenzake walikuwa wanatazama.
Nikaitikia, marahaba. Nikapanda ngazi, nikarudi mezani kwangu.